Mguu wa Stelingi

Temeke, Dar es Salaam
Agosti, 1975

Dada yangu mpenzi Yuliana,

Shikamoo dada. Shikamoo nyingine mpelekee mama hukohuko shambani, umwambie mwanawe wa Dar bado anapumua, tena kwa mbwembwe. Mie mzima, isipokuwa ule mguu, ambao najua ndio unaoungoja. Nanyi hamjambo? Mikorosho imeanza kutoa maua? Na mikutano ya kijiji, bado mnakaa toka asubuhi mpaka jua linazama kujadili jembe moja?

Kwanza nikupe habari ya bahati yangu. Katika watu wote waliotoka kwetu kuja mji huu, mie ndiye mwenye nyota. Kuna picha moja ya Wachina, ya kung-fu, imerudi sinema ya mjini na watu wanachaniana mashati mlangoni. Mie nimeiona! Tena sikupanga foleni. Mlinzi aliona plasta nene kama muhogo mguuni, akawafokea watu wampishe mgonjwa, akanipandisha mpaka balkoni wanakokaa mabwana wakubwa. Wengine wakivunjika mguu wanalia, mie nimefanywa waziri. Pembeni yangu alikaa Ansbert, yule Mhaya wa chumba cha pili, karani wa wizarani, akinisomea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Kwa darasa langu la nne nisingeambulia kitu.

Sasa mguu. Uliniandikia ukauliza natembea au sitembei, usifichwe. Dada, tangu lile gogo la mpingo liliponiangukia tukilishusha kwenye lori, nilikuwa najipa moyo kwamba plasta ikitoka nitakwenda zangu. Ikatoka. Mguu ukatokea mwembamba kama mpini wa jembe. Daktari akasema nisimame niukanyagie kila siku, la sivyo goti litakakamaa moja kwa moja. Nawe unajua sie wachongaji tunavyofanya kazi: unakaa chini, gogo unalibana kwa nyayo, mikono inachonga. Goti likikakamaa, tezo naiuza, narudi kula ugali wa mama na ndevu zangu. Hilo nililijua. Ila kila nikisimama maumivu yananipanda mpaka kwenye meno, narudi kitandani. Wakiniuliza nasema kesho. Kesho hiyo ikawa ndefu, hata nikamwomba Ansbert aniandikie barua kwako mnitayarishie mahali pa kulala. Hakuiandika.

Kilichoninyanyua ni ile picha. Ya zamani kidogo, mkanda umejaa mikwaruzo kama mvua inanyesha ndani ya nyumba, lakini hizi mpya haziifikii. Haina bastola hata moja. Kila kitu ni mkono, mguu na pumzi. Teke likipigwa unaiona kazi iliyolizaa, kama unavyoona alama ya tezo kwenye kinyago. Ngumi zinasikika kama mama anatwanga makopa. Adui ana visharubu vyembamba na kicheko cha mtu aliyekunyang'anya shamba. Na stelingi, ndivyo tunavyomwita hapa shujaa wa picha, ni mfinyanzi, anakanda udongo kwa miguu. Kanuni ya stelingi kila mtu anaijua: hafi.

Basi adui anamvunja mguu. Stelingi analala kageukia ukutani, chakula hataki, rafiki zake hataki kuwaona. Halafu siku moja anashuka kitandani kwa makalio, anajiburura mpaka kwenye udongo wake, anaukanyaga kwa ule mguu mbovu. Anaanguka. Anaukanyaga tena, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Anakanda hivyo mpaka udongo unalainika na mguu unakaza. Mwishoni teke linalomlaza adui linatoka kwenye mguu uleule!

Nikamwambia Ansbert nataka udongo. Dada, ungecheka. Mtu mzima na suti yake ya Kaunda, kashuka kwenye basi na karai la udongo wa mfinyanzi kichwani, watoto wanamzomea Mchina wa Bukoba. Nikaanza kukanyaga uani nimeshikilia ukuta. Bi Tatu, mwenye nyumba wetu, akatoka akauliza nani kamruhusu Mmakonde kulima mpunga uani kwake. Nikamjibu hii ni kung-fu. Akasema kung-fu gani ya kulia kama mbuzi. Lakini udongo ukikauka ni yeye aliyekuwa anauongezea maji, tena ananisimamia, nikitaka kukaa ananiambia adui anakuja.

Leo natembea kwa fimbo moja. Juma lililopita nimebana gogo kwa nyayo zote mbili, nimechonga shetani mdogo mwenye masikio makubwa. Bi Tatu anasema kafanana na mie. Kwa hiyo mama asilie tena. Sirudi, nabaki na kazi yangu.

Ila kuna jambo. Polikarpo, mwenzangu wa karakana, alikuja kuniona, nami nikaanza kumsimulia stelingi alivyovunjwa mguu. Akakodoa macho. Aliiona picha hiyo mara mbili. Akaniuliza mguu gani, braza? Stelingi hata kuchechemea hachechemei. Tena anachomwa mkuki, anakufa, watu wakatoka ukumbini kama wanatoka msibani. Nikamrukia, nikamwambia stelingi hafi, ni yeye Polikarpo aliyelala huko sinema. Akaapa kwa Bikira Maria. Nami nikaacha ubishi. Mie, dada, kuacha ubishi!

Maana picha hiyo niliipata kwa Ansbert. Kila jioni akitoka kazini alisimama katikati ya chumba changu, koti kalitupa begani, akanichezea kipande kimoja: yeye stelingi, yeye adui, yeye farasi. Mtu asiyecheka hata harusini! Siku moja alipiga teke sufuria ikaenda kwa jirani na maharage yake. Nami nikidhani anasimulia alichokiona. Kumbe alitoka sinema na stelingi aliyekufa, akamfufua njiani, akamvunja mguu kama wangu, kisha akamsimamisha ili mie nisimame.

Jioni ileile alikuja akaniuliza tuendelee pale stelingi anapobeba mitungi. Nikamwambia endelea, braza. Sijamwambia kama najua, na sitamwambia. Mama hakunizalia kaka, lakini Mungu kanipa mmoja toka Bukoba.

Mtumieni korosho za kukaanga, zile nene, mseme ni za wema wake kwangu, basi. Akija huko kuwasalimu, msimuulize habari za sinema. Nisalimie shemeji na watoto, mbusie mama mikono yote miwili. Bi Tatu anawasalimu, anasema udongo wake bado anao.

Na ile balkoni, dada, sijui hata rangi ya viti vyake. Sinema sikwenda.

Ni mimi mdogo wako,
Marselino