Mfini Aliyeandika Ndoa za Watu

Mjomba,

Salamu zikufikie huko uliko. Ulifariki wiki moja kabla ya kusema na Ami Khalfan, na uliniahidi utanisemea. Sikulaumu. Ninakueleza tu kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa ofisini.

Ami, aliyenilea hapa Ibra, Omani, ameshikilia nimuoe binti yake Zuwena. Zuwena, niliyeogeshwa naye karai moja. Wewe peke yako ulijua kuwa silitaki jambo hilo, kwani kwangu yeye ni dada. Ukanifariji kwa mwanachuoni wako wa Ufini, ambaye kitabu chake ulikitoa Unguja kimefungwa ndani ya shuka: watoto waliokulia pamoja, alisema, hawatamaniani. Ukaongeza la kwako: "Moyo ndio hakimu, mwanangu. Akili ni karani, huandika yaliyokwisha hukumiwa."

Basi Ijumaa mimi, karani wa ofisi, nikasimama majlisi kwa Ami, mbele ya wazee, na hoja zangu kwenye karatasi ya ofisi, vifungu vinne. Kahawa ikamwagikia kifungu cha pili. Nikaeleza Mfini alivyokaa Moroko miaka mingi, akinywa chai na watu wa milimani na kuwauliza harusi zao, akaandika ndoa za dunia nzima.

Ami akasikiliza. Kisha: "Ana wake wangapi?"

Hilo halikuwamo kwenye karatasi. "Hakuoa, Ami."

Ungewasikia wazee walivyocheka. "Mpishi asiyekula," akasema Ami, akamtuma shangazi ndani akamuulize Zuwena. Akinyamaza, ameridhia, ndiyo ada.

Hakunyamaza, Mjomba. Alicheka mpaka sinia la vikombe likaanguka, kisha akashikwa na kwikwi. Wazee wakabishana kama kicheko nacho ni ridhaa. Mmoja akasema kicheko na kimya hukumu yake moja. Nikaona naozeshwa kwa kwikwi. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Baba, huyu nimemfunga vifungo vya kanzu mpaka ana miaka minane. Leo nimwite bwana?"

Ami akajimiminia kahawa. Mwisho akasema tangu mwanzo alikuwa na shaka. Waliokulia pamoja ni ndugu, kila mtu anajua, hahitaji kuambiwa na Mfini.

Niligeuka kukutazama pale ulipokuwa ukikaa. Moyo wa Ami ulikwisha hukumu, na karani wake alikuwa keshaanza kuandika.

Kitabu ninacho, ndani ya shuka lako. Zuwena sasa ananiita Mfini. Kwaheri, Mjomba, upumzike. Nakuahidi: siku nitakayompata niliyemjua ukubwani, nitakwenda kuposa bila karatasi.