Tone la Bahgat Halifutwi

Mwaka umetimia, Bahgat, tangu ulipotutoka msimu wa mapera, ukaacha bunduki yako ya upepo vipande viwili juu ya meza ya jikoni: mtutu upande huu, kitako cha mti wa jozi upande ule, kimekwanguliwa vanishi yote, kiko uchi kama mtoto anayengoja kuogeshwa. Hukuaga. Ulimwambia tu mkeo, "Insaf, usikisogeze hicho, kesho nakipaka."

Leo tunakuandikia mbele za watu ili na wao wasikie, maana wengi wao walikucheka.

Walikucheka, usidhani tumesahau. Katika mji wetu wa Dumyat, mji wa maseremala, ambako hata mwuza samaki anajua kupiga msasa, wewe ulikuwa mkaguzi wa tiketi za treni. Ukastaafu, ukaitundika kofia ya reli, ukaanza kupaka vitako vya bunduki bila kufundishwa na mtu, kwa ujasiri wa asiyejua anachokifanya. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakisimama dirishani pako kama wanatazama ajali.

"Mzee Bahgat, hiyo ni polishi au supu ya majani ya mulukhiya?"

"Lete mkate uonje," ukawajibu, na brashi ikaendelea.

Kila Ijumaa baada ya swala ulivuka mfereji kwenda kwenye miforosadi, bunduki begani, mkate na jibini ya chumvi mfukoni. Ulipiga hua wa kuliwa tu, na ukiwagawa kwa majirani njia nzima ya kurudi, hata mkeo akawajua zaidi kwa harufu ya jikoni kwa watu. Kama hukuwa na hakika ya kumpata kichwani, hukufyatua. "Bora arudi kwa wanawe kuliko akafie kichakani na risasi yangu," ulisema. Hilo nalo walilicheka. Mwindaji gani anarudi mikono mitupu na bado anapiga mluzi?

Habari zako za darini, ulikofuga njiwa, ndizo zilizotuvunja mbavu. Ulituapia kwamba siku moja ulimpiga kunguru akiwa amebeba kifaranga cha njiwa wako, na kabla hajaanguka alipiga kona angani akakirudisha kifaranga kiotani. Tukakuuliza ushahidi uko wapi. Ukatuonyesha kifaranga. Na yule kunguru kilema anayekaa juu ya tangi la maji, uliyemwita Bilatiketi kwa kuwa anapanda dari yako bure, ulimfyatulia miaka yote na hukumpata hata unyoya. Ulisema mnaheshimiana.

Na kila kitako ulichopaka, chako au cha jirani aliyekuletea, kilikuwa na tone. Chini kabisa, pale mkono wa kushoto unapoishikilia bunduki, gamalaka, ile polishi ya mafundi, ilichuruzika, ikaganda, ikabaki tone gumu la rangi ya asali. Mafundi walisema hiyo ni aibu ambayo hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza hupigwa makofi kwa ajili yake. Wewe ukasema hiyo ni tiketi. "Kila kitu kinachosafiri lazima kiwe na tiketi yake. Nikikipoteza hiki, nikikipapasa gizani, nitajua ni changu."

Sasa, mkeo Insaf ni binti wa marehemu Fundi Mahrus, ambaye kabati zake bado watu hujitazamia ndani wakifunga vilemba. Insaf alijifunza kupaka gamalaka kabla ya kujifunza kusuka nywele. Na wewe, bwana mkubwa, siku ya kwanza alipokunyang'anya brashi, ulimwambia, "Ukigusa wewe, itapendeza, na watu watajua si mimi. Niachie ubaya wangu." Akakuachia. Alikaa jikoni maisha yote ya ndoa akikata vitunguu huku wewe ukiutesa ule mti. Mwanamke mwingine angekwenda kwa kadhi.

Kwa hiyo ulipoondoka, aligoma kukigusa kile kitako. Alikula pembeni ya meza. Binti yenu Shahira alipotaka kukifunika, aliambiwa, "Baba yako alisema kisisogezwe."

Aliyekisogeza ni shemeji yako, Fundi Rushdi. Alikuja baada ya arubaini, kwa nia njema, hilo tunamkubalia. Akanywa chai, akakiviringisha kitako katika gazeti, akashuka nacho ngazi kimyakimya. Insaf alipoiona meza iko tupu, aliteremka na ndara zake za jikoni, akamdaka katikati ya barabara, mbele ya karakana zote.

"Kaka, rudisha!"

"Insaf, usinipigie kelele njiani. Nakipeleka nikakimalize. Nikikirudisha utajiona ndani yake kama kwenye kioo."

"Kioo ninacho. Rudisha."

"Dada yangu, ule mti uko uchi na sisi tunaishi karibu na bahari. Utapasuka. Na watu wakija wakikiona hivi watasema ukoo wa Mahrus umeshindwa na kipande cha mti!"

"Waseme! Mume wangu amechekwa na mji mzima akala akashiba. Na mimi nitakula."

Misumeno ilinyamaza mtaa mzima. Mdogo wako Fikri, aliyekuwa amekuja kumwamulia shemeji yake, anasema seremala mmoja aliuchonga mguu wa kiti mpaka ukaisha kwa kusikiliza. Hilo mpime mwenyewe, unamjua Fikri. Lakini kitako kilirudi mezani, na Fundi Rushdi hakuja tena kunywa chai mpaka wakati wa baridi.

Tatizo ni kwamba Rushdi alisema kweli. Mvua za baridi zilipokwisha, Insaf alipitisha kidole kwenye shingo ya kitako, pale kinapokuwa chembamba, akasikia ufa. Mdogo kama unywele, lakini upo. Akakaa chini. Asipokipaka, mti utakufa na jasho lako lililomo, lile doa jeusi pale ulipokuwa ukilaza shavu. Akikipaka, mkono ni wa Fundi Mahrus, na wewe utafutika ndani ya uzuri.

"Shemeji, paka vibaya," Fikri akamshauri. "Kazi rahisi hiyo, mimi naiweza."

"Wewe hata chai unaipika vibaya, na hujawahi kujifunza," akamjibu. Lakini alijaribu, Bahgat. Wallahi alijaribu. Akaujaza ufa, akaloweka yale magamba ya gamalaka kwenye spiriti, akafunga pamba ndani ya kitambaa kama alivyofunzwa na baba yake, akajilazimisha kuvuruga. Mkono ulikataa. Ulizunguka wenyewe, ukalala wenyewe, na kila alipokiacha mti upumzike na kurudi, ulizidi kung'aa. Mwisho kikawa kitako ambacho mji huu haujaona mfano wake tangu babake afe. Shahira akapiga kigelegele. Insaf akaangua kilio.

"Kiko wapi cha baba yako hapa?" alisema. "Nionyeshe. Kiko wapi?"

Hapo ndipo alipoikumbuka brashi yako. Ilikuwa kwenye kopo la samli, imekauka ngumu kama kwato. Fikri akailainisha kwa spiriti, na kwa mara ya kwanza maishani akafanya kazi akaimaliza. Insaf akachovya, akakiinamisha kitako, akaiacha gamalaka ichuruzike mpaka chini, pale pale. Tone likajikusanya. Na kabla hatujashangilia, kidole chake kikalipangusa! Hakukusudia. Ni mkono tu, umezoea. Akachovya tena. Ukalipangusa tena.

"Mshike mama yako mkono!" Fikri akamwambia Shahira.

"Hakuna wa kunishika," akasema Insaf. Akachovya tena, akaliacha tone lining'inie, kisha akaukalia mkono wake wa kulia juu ya kiti, akaukandamiza kwa uzito wake wote, macho amelikazia, hadi likaganda. Alipoinuka mkono ulikuwa umekufa ganzi, naye alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Jana watu walikuja kukusomea hitima. Bunduki ilikuwa imeunganishwa nzima, iko ukutani sebuleni. Fundi Rushdi hakungoja hata kahawa. Aliishusha, akaipeleka penye mwanga, akaipitishia kidole gumba taratibu kuanzia nyuma.

"Mashallah," akasema. "Baba amefufuka." Kidole kikaendelea. Kikasimama. "Insaf. Hapa kuna tone."

"Lipo."

"Nipe wembe. Dakika moja tu nalitoa."

"Liguse uone kama utamwona bata wa leo."

"Insaf! Sebule imejaa mafundi! Wakiniuliza niseme nini? Binti wa Fundi Mahrus kaacha tone?"

Insaf alikuwa amebeba sinia la bata aliyejazwa vitunguu. Alilishikilia, hakuliweka chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ngazini: "Waambie hivi. Aliyepaka ni binti wa Mahrus. Aliyeacha tone ni mke wa Bahgat. Na anayetaka kulifuta anionyeshe tiketi yake kwanza."

Hakuna aliyekuwa na tiketi. Rushdi aliirudisha bunduki ukutani, akala bata, akaomba aongezewe. Wakati wa kuondoka, akidhani hatumwoni, alinyoosha mkono akalipapasa tone lile tena, akakaa nalo kidogo, kisha akavaa viatu.

Wageni walipotawanyika, Shahira alipanda darini na bunduki. Bilatiketi alikuwa juu ya tangi kama kawaida. Binti yako akalaza shavu penye doa lako, kiganja chake cha kushoto kikalikuta tone, akavuta pumzi, akafyatua. Akamkosa vizuri sana. Kunguru alimtazama, akajikuna, akabaki.

Basi ujue hivyo, ewe uliyechekwa: bunduki yako iko kazini, ubaya wako tumeulinda.

Wanaokukumbuka: mkeo Insaf, binti yako Shahira, mdogo wako Fikri, aliyeyaandika haya na kuapa kwamba yote ni kweli, shemeji yako Fundi Rushdi, ambaye ameomba jina lake liandikwe, na juu ya tangi, Bilatiketi, ambaye mpaka leo hajalipa nauli.

Kukusahau hatukusahau. Atakayetuambia mwaka umetosha, na aje na wembe wake. Atatukuta mlangoni.