Sitakuja Kuzalia Nyumbani

Kasubi, Kampala
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Nakhisa,

Pokea salamu za mtoto wa kaka yako, aliyevimba miguu lakini mzima. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe wako mkaidi, ameacha kabichi za jirani? Sisi mvua imeanza, tope limefika mlangoni, lakini chakula kipo, na mtoto anapiga teke kila nikikaa kula.

Omolo yuko safarini tena na lori lake, huko Juba. Nilipompigia nikamweleza neno hili ninalotaka kukuandikia, alisema, "Shangazi yako umwambie mwenyewe." Mwanaume mzima, anakuogopa!

Basi nakuambia. Uliagiza nifunge mizigo nirudi Bungoma nijifungulie huko, kwa kuwa mume yuko barabarani na mimi sina mtu Kampala. Nimelifikiria agizo lako kwa heshima zote. Sitakuja, Shangazi. Usikunje uso kwanza, soma mpaka mwisho.

Kwenye kituo cha afya hapa kuna mafunzo ya wajawazito kila Jumatano. Anayefundisha ni mkunga, Sista Lakica, aliyekulia kambi ya jeshi. Anafundisha kwa Kiganda, halafu sisi wageni anaturudia kwa Kiswahili cha kambini: "Mama! Wacha uoga! Vuta hewa! Achia!" Hata Waganda wakikisikia wanakaa wima. Siku ya kwanza nusura nipige saluti.

Sheria yake ni kwamba kila mjamzito aje na mtu atakayekaa naye siku ya uchungu, ili ajifunze kumkanda mgongo na kumwongoza apumue. Wenzetu walileta waume na mama zao. Tukabaki mimi na Blandine, Mkongomani anayeuza vitenge, ambaye mumewe hajulikani aliko tangu vita viliporudi kwao mwaka jana. Sista akatutazama akasema, "Nyinyi wawili, shikaneni." Tukashikana. Kukandana migongo na matumbo yale mawili, ungecheka ukakaa chini.

Siku moja tukitoka mafunzoni Blandine alinisimulia habari za mtoto wake wa kwanza. Alimzaa njiani wakikimbia vita vya awali, bila mtu wa kumsaidia, na mtoto hakupona. Akasema haogopi uchungu, anaogopa kugeuka na kukosa mtu. Nililia, Shangazi. Nikamwahidi kwamba nitakuwepo siku yake, naye akaniahidi yangu.

Alhamisi asubuhi uchungu ukamshika. Sista Lakica alikuwa na mama mwingine chumba cha pili, na mkunga tuliyempata hajui Kiswahili. Blandine akaanza kuita watu waliobaki kule njiani. Maneno yote matamu niliyokuwa nimepanga yakanikimbia. Nikajikuta nafoka, "Mama! Wacha uoga! Vuta hewa! Achia!"

Akanigeukia. "Weye Loice, nitacheka namna gani na maumivu hii?"

Lakini alivuta hewa. Alininyonga mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na kabla ya saa sita mtoto wa kike alikuwa analia kuliko sisi wote.

Kwa hiyo usiseme tena sina mtu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba ahadi ni deni, na Blandine anataka kulipa lake. Nami namtaka yeye, kwa sababu mikono yake naijua tayari. Tena barabara yetu ya huko nyumbani unaijua wakati wa mvua, hata pikipiki husukumwa. Siwezi kuijaribu barabara ile na mtoto tumboni.

Siku yangu ikifika, Blandine atasimama nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, mtoto wake mgongoni. Ameshaanza mazoezi ya kufoka.

Wewe njoo mtoto akishafika. Lete unga wa wimbi, ule unaousaga mwenyewe, nipate uji wa mzazi. Ndizi usibebe, hapa zimejaa, utachekwa. Kitanda chako kipo, na Blandine anauliza kila siku huyo Shangazi anayeogopwa hivyo ana sura gani.

Nisalimie Mzee Sifuna na binamu yangu Nafuna pamoja na wanawe. Mungu alilainishe goti lako, upande basi bila kushikwa mkono.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokukatalia,

Loice