Maradhi Uliyomwambia Adelina

Baba Koku, mume wangu,

Huko uliko sijui kama magazeti yanafika. Huku Muleba bado yanakuja na lori la posta kutoka Bukoba, na bado ukurasa wa mwisho una lile fumbo la maneno lililonitesa. Nimelifungua leo baada ya misa, na wivu ukanipanda upya kama vile hukufa.

Jumapili zako nilizijua. Ukitoka kanisani unavua koti, unachonga penseli, na kabla sijachochea moto, Mwalimu Adelina wa shule ya wasichana anabisha hodi. Mnakaa mbele ya nyumba na gazeti magotini, mimi jikoni namenya ndizi, masikio yote kwenu. Hukuwahi kuniuliza hata neno moja. Ungedhani masista wa Kashozi walinifundisha kufagia tu.

Sikudhani mnafanya ubaya. Ningeuona ubaya ningejua la kufanya. Kilichoniuma ni kile kicheko chako, kwa kuwa ndani hukukileta.

Halafu zile senene. Nilizikamata mimi, panzi mmoja mmoja, nikazichambua mabawa mpaka vidole vikanata, nikakukaangia. Sikuonja, kwa sababu kwetu mwanamke hali senene, na mama yako alikuwa amekaa pale ananitazama. Nikaweka sahani mbele yako, nawe ukamsogezea Adelina, naye akala. Mama yako alijifanya anatafuta kiko chake. Mimi nilirudi jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Siku ileile fumbo zima lilikuwa la maradhi. Adelina anasoma, wewe unajibu. Kinachomtetemesha mtu juani? Homa. Kinachomchoma ubavuni akivuta pumzi? Kichomi. Akafika kwa yule anayeona nyumba inazunguka, naye amesimama palepale. Kizunguzungu, nikasema peke yangu na ndizi zangu, na nilikuwa nimekutangulia. Kisha mkashusha sauti, sikusikia tena kitu. Nilitamani mvua inyeshe imfukuze.

Ulipoanguka shambani kati ya mibuni, tulikupakia kwenye lori la kahawa, na Adelina naye akapanda. Sikuweza kumkataza mbele ya watu. Hospitalini Bukoba mganga Mzungu akauliza, kupitia kwa dresa, msaidizi wake, ugonjwa ulianza lini. Nikajibu upesi, mimi mkeo, kwamba ulianza jana.

Adelina akasema taratibu nyuma yangu, "Hapana, Mama Koku. Ana kichomi na kizunguzungu tangu kabla ya Kwaresima. Aliniambia tulipokuwa tunajaza fumbo."

Dresa alinitazama, kisha akamgeukia yeye. Maswali yote yaliyobaki aliulizwa yeye, na mimi nilishika shuka lako.

Ulikuwa unainuka kila asubuhi na maumivu hayo kutoka kitanda ninacholala mimi, Baba Koku. Nilikuuliza hali yako kila asubuhi, ukaniambia hujambo. Watu wanasema ulinificha ili nisihangaike. Mama yako ndivyo anavyosema, na Padri pia. Labda ni kweli. Lakini ningependa kuhangaika. Ilikuwa haki yangu, na ulimpa mwingine kama ulivyompa zile senene.

Uliondoka kabla sijakuambia hayo. Msibani yeye alilia kwa adabu sana, na watu wengine wakampa pole hata kabla yangu mimi. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine ngoja kwanza.

Sasa sikiliza. Ubavu wangu wa kushoto unachoma nikiinama kupalilia, na majuzi niliona migomba inazunguka nikashika mti. Jana Adelina alipita, akaniona nimeukandamiza ubavu.

"Unaumwa wapi, Mama Koku?" akauliza.

Nikamwambia siumwi popote.

Kesho nitapanda lori niende Bukoba. Mganga nitamwambia, na Koku nitamwambia. Lakini wao baadaye. Nimetaka uanze kujua wewe.

Mimi mkeo,
Mama Koku