Rafu za Makabila

Nuria, hutaamini! Kamene ametoka kazini pale maktaba ya Gatina amewaka hasira.

Unajua yeye hupanga vitabu kwa namba ya mgongoni mwa kitabu, vile alifunzwa. Leo bosi wao anamwambia, "Hizo namba wachana nazo. Panga kwa kabila la mwandishi, na hizi fujo za uchaguzi, wasomaji wakichanganyika watapigana."

Kwa kabila! Ati Wakikuyu kwa dirisha, Wajaluo kule nyuma.

Kamene akamwonyesha bosi kitabu cha hesabu, waandishi wawili, Mjaluo na Mkikuyu. "Na hiki?"

Bosi akakipasua katikati! Kitabu cha hesabu, Nuria! Watu wakiona!

Halafu akamwangalia Kamene juu mpaka chini. "Na wewe Mkamba, nikuweke rafu gani?"