Kiwiko cha Koti la Babu

Mtaa wa Coecillo,
León, Guanajuato.
9 Novemba 2019.

Mpendwa Mjomba Isauro,

Shikamoo Mjomba. Hali yako huko Chicago ikoje, na lile goti bado linakusumbua baridi ikiingia? Sisi huku wazima. Bibi Otilia anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi. Mimi ndiyo usiulize, nimezidi kupendeza.

Najua unachongoja kusikia: habari za koti la ngozi la marehemu babu, utakalovaa Januari ukija kwa hija ya pikipiki kwenda San Juan. Uliniagiza nishone kiwiko kilichochanika. Kaa chini kwanza, halafu soma polepole, kama ninavyosoma mimi.

Unajua mtaa wetu wote ni washona viatu, na mimi nilishika sindano kabla ya kalamu, ndiyo maana mwandiko ni huu. Nikajiambia, koti ni nini? Ni kiatu chenye mikono! Nikashona kama tunavyoshona buti, mishono midogo iliyobanana, mizuri ajabu. Nikampelekea Fundi Hilarión, yule anayetengeneza mavazi ya waendesha pikipiki pale kona ya soko, ili anisifu.

Akalivaa. Akakunja mkono kama aliyeshika usukani. Prrr! Kiwiko kikaachia mstari mzima, kama stempu inavyochanwa.

"Nani kakufundisha, bwana mdogo?"

"Nimezaliwa nayo, Fundi."

"Basi umezaliwa na balaa. Buti lina kiwiko? Umetoboa matundu mengi kuliko ngozi iliyobaki!"

Mjomba, mimi mropokaji wa mtaa mzima nililipokea koti kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Babu hakuacha koti jingine, na Bibi alilibusu begani kabla ya kunikabidhi.

Nikamwomba Fundi anifundishe. Siku tatu alininyima sindano, kazi yangu kufuta ngozi kwa kitambaa chenye unyevu na kuianika kivulini. Nilipotaka kuipeleka juani ikauke upesi, nilikula kofi la kisogo. Siku ya nne tukakata sehemu yenye matundu, tukaweka kipande cha ngozi ya ndama, tukapaka gundi, kisha nikashona mishono mirefu, kiwiko kikiwa kimekunjwa ili kipate nafasi. Mwisho mafuta, na nta ya mshumaa kwenye zipu.

Jana nimelivaa na kuendesha pikipiki ya Fundi mpaka nje ya mji. Nimekunja, nimenyoosha, kimya! Kiraka kinaonekana, sikufichi. Bibi alikipapasa, akasema babu mwenyewe angekuwa hai angekuwa na viraka zaidi ya hicho. Akacheka mpaka akafuta macho.

Na asubuhi hii Fundi kaja na koti lake mwenyewe, ambalo haruhusu mtu kuligusa, akalitupa mezani kwangu. "Kwapa limefumuka. Mishono mirefu, mropokaji wewe." Akaenda zake kula guacamaya, mkate wetu wa ngozi ya nguruwe ya kukaanga.

Kwa hiyo njoo, Mjomba. Ila punguza tumbo. Kiwiko nimekiweza, lakini zipu isipofunga usimseme fundi.

Nisalimie mkaza mjomba Eduviges, na binamu zangu, Nereida na yule Tacho; Tacho mwambie bado namshinda mbio. Bikira wa San Juan akushike mkono safari nzima.

Ndimi mpwa wako akupendaye, fundi wa makoti,
Ponciano