Slipu Mbili za Pacha

4 Februari

Mdogo wangu wa robo saa,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, macho tu yanawasha kwa moto wa kuchomelea, na hilo si jipya.

Leo nimeona slipu ya mshahara ya Saba, kaisahau mezani kwangu. Tunamwita Saba kwa sababu ndiyo namba yake ya ufundi. Kila tenki la maji analochomelea anagonga saba kwenye chuma, ndipo linaruhusiwa kutoka getini. Wee! Anapata mara mbili yangu, na nusu ya hizo saba nimezigonga mimi, kwenye matenki niliyochomelea mwenyewe! Kwenye karatasi zao mimi bado “msaidizi”, mwaka wa tano huu, na msaidizi hana namba. Wanaume walioingia nyuma yangu walipewa zao baada ya miezi mitatu. Nimemuuliza bosi, akacheka: “Wewe una mtu wa kukulisha.” Nani huyo? Anionyeshe na mimi nimjue!

Nitumie slipu yako nilinganishe. Nataka kujua kwenye kazi wanayoiita ya wanawake mambo yakoje.

Dada’ko mkubwa

19 Februari

Dada mkubwa, shikamoo ya robo saa,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Slipu hii hapa, ukimaliza ichome. Utaona mstari wa “posho ya kunyanyua wagonjwa”. Wodini tuko wauguzi kumi na wawili, mwanaume mimi peke yangu, na posho hiyo ninaipata mimi tu. Ndivyo nilivyoikuta.

Sasa nisikilize. Acha kugonga saba. Usigonge chochote. Tenki lisilo na namba halitoki, watakuita wenyewe. Usiogope, tangu lini wewe ukawa mwoga?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Za hapa moto! Matenki tisa yalijipanga uani bila namba, lori la mteja linanguruma getini, bosi akaja mbio tai imehamia begani. “Nani kachomelea haya?” Nikamjibu, “Msaidizi.” Akamwamuru Saba agonge yake. Saba, Mungu ambariki, akasema hagongi kazi asiyoifanya. Bosi akatishia kunifukuza. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya tenki, nikasubiri. Saa nane mchana nikaitwa ofisini. Namba yangu ni ishirini na tatu, na mshahara wa fundi kuanzia mwezi huu!

Haya, zamu yako. Slipu sijaichoma, na nikiisoma roho inaniuma. Mimi niko peke yangu kati ya wanaume, nalipwa chini yao. Wewe uko peke yako kati ya wanawake, unalipwa juu yao. Kwani ukiwa mapumzikoni wagonjwa wananyanyuliwa na nani? Sista wa zamu ndiye aliyekufundisha kushika sindano. Mwonyeshe.

Dada’ko

2 Aprili

Wewe,

Hujambo, au umenyamaza kwa makusudi? Wiki tatu sasa. Uliponiambia nisiogope, kumbe ulikuwa jasiri kwa ngozi yangu.

Dada’ko

8 Mei

Dada,

Natumaini u mzima. Umenisema, na nilistahili. Niliogopa, basi. Nilitembea na slipu ya Machi mfukoni hadi ikachakaa.

Jumatatu ya mwisho ya Aprili tulikuwa tunamgeuza mzee mmoja mzito, Sista na mimi. Akashika kiuno, akasema, “Kazi hii ingekuwa na posho, ningeshajenga.” Alikuwa anatania tu. Nikashindwa kucheka, nikampa slipu palepale. Akaisoma mara mbili. “Tangu lini?” Nikamwambia miaka minne. Hakunitukana. Akamfunika mzee shuka vizuri, akatoka. Siku ile hakuna aliyenisalimia.

Kesho yake, kwa kila mgonjwa wa kunyanyuliwa, wodi nzima ilisema, “Aitwe mwenye posho.” Nilikimbia siku mbili, dada, jasho mpaka kwenye soksi! Ofisi ilipoona kazi inachelewa ikapata dawa yake: imenifutia posho kuanzia mshahara wa Aprili. “Sasa mko sawa,” wakasema. Sista akaingia ofisini na sisi sote, akawaambia, “Hatukuja kumshusha huyu. Tumekuja kupandishwa sisi.” Ijumaa ijayo tunarudi wote, na slipu zote kumi na mbili.

Ila mwezi huu kodi ya nyumba haikutimia. Naona aibu, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi, na mkeo mwambie asiwe na wasiwasi. Kodi nimetuma asubuhi, na usiniletee habari za kurudisha. Nilikuita jasiri kwa ngozi yangu. Neno lile nalifuta, nisamehe. Nimelia nikisoma barua yako, Saba akadhani ni moshi.

Huyo Sista nimempenda bila kumwona. Ijumaa mkiingia, ofisi itakutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye mwanaume, na watataka uwasemee. Usiwasemee. Mwache Sista aongee mpaka amalize. Wewe kaa karibu naye, na wakikuuliza kama ni kweli, sema ndiyo.

Dada’ko, fundi